Gitaa la Shemeji na Cherehani ya Dada

Ndugu msomaji, safu hii imezoea mambo ya kawaida ya nyumbani: pasi iliyoungua, redio iliyopoteza sauti, jiko linalotoa moshi. Leo naomba ruhusa yako nikuchukue mbali kidogo, hadi Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa katika mkoa wa Ruvuma, ambako gitaa moja la umeme lenye umri unaozidi nusu karne lilinyamaza na kuzua mzozo katika nyumba ya watu wanaopendana. Mwenye gitaa ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na aliyetakiwa kuamua mzozo huo ni mimi.

Shemeji alilishika gitaa hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1974, akiwa kijana wa miaka ishirini, katika bendi ya chama kimoja cha ushirika huko Mbinga mjini. Huenda vijana wa leo hawafahamu kwamba katika zama zile ilikuwa nadra mpiga gitaa kuwa na gitaa lake mwenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya chama, ya kiwanda, ya jeshi, au ya tajiri fulani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam. Na mwanamuziki aliajiriwa kama anavyoajiriwa karani au dereva. Akihama bendi, aliliacha gitaa ukutani na kuondoka na vidole vyake tu. Basi bendi ya shemeji ilipovunjwa katika miaka ya 1980, na chama kikawa hakina fedha za kumlipa mishahara aliyokuwa akidai, aliambiwa achukue gitaa na madai yaishe. Alilitia begani akateremka nalo ziwani. Hadi leo dada hulitaja gitaa hilo kwa jina la "miezi mitano", na akikasirika huuliza kama miezi mitano imekwisha kufutwa vumbi.

Gitaa lenyewe ni Teisco, lililoundwa Japani katika miaka ya 1960, kabla kampuni hiyo haijanunuliwa na Kawai mwaka 1967. Halikuwa gitaa la bei kubwa hata lilipokuwa jipya. Rangi yake nyekundu imechubuka mahali mkono unapopumzika, na vibonyezo vyake vimelegea kama meno ya mzee. Lakini lina pikapu mbili za aina ambayo wapigaji huitambua mara moja, kwa sababu chini ya matundu ya kifuniko chake hung'ara karatasi ya rangi ya dhahabu.

Niseme neno moja hapa kwa ajili ya wale ambao hawajapata kulifungua gitaa la umeme. Pikapu ninayoizungumzia si ile gari ya kubebea magunia ya kahawa, ingawa huko Mbinga ukilitaja neno hilo watu hukuuliza inabeba tani ngapi. Ni kisanduku chembamba kinachokaa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo mna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, nguvu ya sumaku inayopita katikati ya koili hiyo hubadilika, na badiliko hilo huzaa umeme mdogo sana ndani ya waya. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya kukuzwa. Kanuni yenyewe aliionyesha Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, na ilipita karne nzima kabla George Beauchamp na wenzake huko California kuitumia, mwaka 1931, kuunda gitaa la umeme lililokuja kubandikwa jina la kikaango kwa sababu ya umbo lake. Ndiyo maana gitaa la nyuzi za nailoni halisikiki kupitia pikapu ya sumaku. Ndiyo maana pia wapigaji wa zamani walioishiwa nyuzi, wakafumua waya wa breki ya baisikeli, waliweza kuendelea na dansi: waya ule ni chuma, na sumaku haiulizi ulitoka wapi.

Sasa turudi kwenye mzozo. Mjukuu wa shemeji, kijana wa miaka ishirini na mmoja, hupiga gitaa katika kwaya ya kanisa lao. Babu yake alikuwa amemruhusu kulitumia lile Teisco. Mwanzoni mwa mwaka likaanza kukwaruza, kisha pikapu ya karibu na daraja ikanyamaza kabisa, na ile ya shingoni ikawa inakuja na kuondoka kama redio ya betri zilizochoka. Kijana akatafuta katika simu yake, akaona pikapu mpya za koili mbili zenye nguvu kubwa, akaenda kwa fundi mmoja wa mjini. Fundi akampa bei, akaongeza kwamba ubao wa gitaa itabidi uchongwe kwa patasi, kwani pikapu mpya ni nene na hazitaingia katika nafasi ya zile za zamani. Kijana alikuwa tayari amekusanya nusu ya fedha. Babu aliposikia neno patasi, alilichukua gitaa akalifungia kabatini, akaniita.

"Shemeji," aliniambia nilipofika, hata chai haijamiminwa, "mimi sikatai litengenezwe. Ninachokataa ni kulisikia likiimba kwa sauti ya mtu mwingine."

Kijana naye alikuwa na haki yake. "Babu, kwaya inatusubiri. Gitaa lililo kabatini halina sauti ya mtu yeyote."

Huo ndio ulikuwa mzozo, ndugu msomaji, na sikuona aliyekuwa na kosa.

Jambo la kwanza nililolifanya ni lile ambalo ningemwomba kila mwenye gitaa la zamani alifanye kabla ya kuulizia bei ya pikapu mpya. Nilikwenda kuhakikisha kama pikapu zimekufa kweli. Kati ya magitaa yanayodaiwa kuwa na pikapu mbovu, mengi yana ubovu mahali pengine kabisa: tundu la kuchomekea waya limelegea, kiungo cha risasi kimepasuka, au kile kibonyezo cha kuongezea sauti kimejaa uchafu. Kazi ya kupima haihitaji elimu kubwa. Chukua mita ya fundi umeme, iweke kwenye kipimo cha omu, shika ncha mbili za waya wa pikapu baada ya kuzitenganisha na viungo vingine. Pikapu ya koili moja iliyo hai mara nyingi huonyesha kati ya omu 5,000 na 8,000. Pikapu ya koili mbili ya mtindo wa zamani huonyesha 7,000 hadi 9,000 hivi, na zile za kisasa zenye nguvu hupita 12,000. Mita isiposogea kabisa, waya umekatika mahali fulani ndani. Ikisoma karibu na sifuri, waya umegusana.

Pikapu ya shingoni ilisoma omu 6,400. Ilikuwa hai kabisa! Ugonjwa wake ulikuwa kwenye kibonyezo cha sauti, ambacho kilisafishwa kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme na kuzungushwa mara hamsini huku na huko; na kwenye kiungo kimoja cha risasi kilichokuwa kijivu na chenye ufa, ambacho kilichomelewa upya kwa dakika tatu. Kijana aliyekuwa karibu kununua pikapu mbili alibakiwa na hitaji la moja. Hata dada, ambaye alikuwa akichambua dagaa mlangoni bila kujifanya anasikiliza, aliinua kichwa akasema, "Nusu ya fedha imekwisha kurudi."

Ile ya karibu na daraja, lakini, ilikuwa imekufa. Mita haikusogea hata kidogo. Niliifungua kifuniko nikaona doa la kijani pembeni mwa koili, mahali waya unapoanzia ndani. Kijani hicho ni kutu ya shaba. Watu wa Tanga na Zanzibar huilaumu chumvi ya bahari. Ziwa Nyasa ni maji baridi, halina chumvi hiyo, lakini unyevu wake ni mwingi. Gitaa lililoishi miaka kumi katika baridi ya Mbinga, mahali palipo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kisha likateremshwa hadi kwenye joto la ziwa lililo kama mita 500 tu, lilipata mvuke ambao halikuuzoea. Tena jasho la mkono wa mpigaji lina chumvi ya kutosha kwa kazi hiyo. Waya ukikatika kwa nje, fundi huukamata na kuuunga. Ukikatikia ndani kabisa, kama huu, hakuna njia ila kuufumua wote.

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipoanza, na nitaueleza kwa kirefu kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha na sauti kwa pamoja.

Kijana alitaka pikapu ya koili mbili. Si wazo la kipuuzi. Aina hiyo ilibuniwa na Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, ambaye aliomba hataza mwaka 1955. Shabaha yake ilikuwa kuondoa mvumo. Pikapu ya koili moja hunasa nyuzi, lakini pia hunasa kila kitu kingine chenye umeme kilicho karibu: transfoma, taa za mirija, mota ya feni. Umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na mtikisiko huo husikika katika spika kama nyuki mkubwa aliyefungiwa kwenye debe. Lover aliweka koili mbili zilizozungushwa kwa mielekeo inayopingana, na sumaku zao pia zikapingana. Mvumo unapoingia katika koili zote mbili hujiua wenyewe, lakini sauti ya uzi hujumlishwa. Ni akili nzuri sana. Gharama yake ni kwamba sauti huwa nene na ya mviringo zaidi, na ule mng'ao wa juu hupungua.

Mng'ao huo ndio uliokuwa roho ya muziki wa dansi wa shemeji. Katika bendi zile magitaa yalikuwa matatu au manne pamoja na besi, na kila moja lilikuwa na njia yake: solo juu, solo la pili likimjibu, rithim likishona katikati. Magitaa matatu yenye sauti nene yakipigwa pamoja huwa tope. Yakiwa membamba na ya wazi, kila moja husikika likitembea peke yake. Sikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Au Western Jazz, au Kilwa Jazz. Baadhi ya rekodi zile zilifanywa kwa vyombo vichache katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na hata hivyo unaweza kulifuata gitaa moja kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho kama unavyomfuata mtu mwenye taa usiku. Uwazi huo ulitoka kwenye vidole, kwenye mpango wa muziki, na kwa sehemu yake kwenye pikapu za koili moja.

Kwa hiyo swali la kumwuliza anayetaka kubadilisha pikapu ni hili: gitaa lako linafanya kazi gani katika kundi? Kama linapiga peke yake na ngoma, unene ni mali. Kama liko pamoja na kinanda, besi na sauti arobaini za kwaya, unene ni msongamano. Nilimwuliza kijana kwaya yao ina vyombo gani. Akataja kinanda, besi, ngoma, na gitaa la pili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa uaminifu, "Kinanda hutufunika kila mara." Basi koili mbili zenye nguvu zingempeleka hapo hapo kinanda kilipo, na angebaki akipandisha sauti kila Jumapili mpaka padri alalamike.

Shemeji alikuwa na maelezo yake, bora kuliko yangu. Kabla hajashika gitaa, alicheza mganda, kama vijana wote wa mwambao huu, ile ngoma ya mistari na nidhamu ya kijeshi ambayo mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliihusisha na ngoma ya beni na athari za Vita Kuu ya Kwanza. Jirani zetu wa Malawi huiita malipenga. Ndani yake mna vibuyu vinavyoimbiwa, na kila kibuyu kina tundu lililofunikwa utando wa buibui. Sauti ya mtu huingia ikiwa sauti, hutoka ikiwa tarumbeta. "Utando ukipasuka," shemeji alimwambia mjukuu wake, "unatafuta utando mwingine wa namna ile ile. Huchukui ngozi ya mbuzi ukasema ni imara zaidi. Ukiweka ngozi, umepata kibuyu kingine." Kijana alicheka, lakini aliondoa kidole kwenye picha ya pikapu katika simu yake.

Njia ya pili ilikuwa kununua nakala. Jambo ambalo fundi wa mjini hakumweleza kijana, labda kwa kutolijua, ni kwamba pikapu hizi za karatasi ya dhahabu, ambazo zamani zilidharauliwa, sasa hutafutwa sana ng'ambo. Mpiga gitaa wa Marekani Ry Cooder aliitia moja katika gitaa lake la Fender Stratocaster, upande wa shingoni, na tangu watu walipoisikia, mafundi wa Marekani na Uingereza wamekuwa wakitengeneza nakala zake. Nakala ni nzuri. Ila ukizinunua angalia mambo mawili kwa makini. Kwanza, kimo na upana, kwa kuwa zile za zamani ni bapa, na nakala nyingine zimeundwa kwa matundu ya magitaa ya kisasa, nawe utarudi kwenye patasi. Pili, aina ya sumaku. Nyingi kati ya pikapu za Teisco zilitumia sumaku laini iliyochanganywa na mpira, yenye nguvu ndogo. Nakala yenye sumaku kali ya aluminiamu, nikeli na kobalti itakuwa na sauti ya kung'ata zaidi, na ikikaribishwa mno itavuta nyuzi hadi zipoteze ulinganifu. Usidanganyike na namba ya omu pekee. Waya mwembamba zaidi huongeza omu bila kuongeza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Namba hiyo hukuambia kama pikapu ni hai, haikuambii kama ni tamu.

Tatizo la nakala lilikuwa bei, nauli na ushuru. Zikijumlishwa zilizidi fedha za kijana mara mbili.

Ikabaki njia ya tatu, ambayo mimi niliipendelea tangu mwanzo ila sikutaka kuisema mapema: kuisuka upya ile ile ya zamani. Mahali penye mashine za kumenyea kahawa hapakosi fundi wa kusuka mota, na tulipanda barabara ya lami hadi Mbinga, kilomita zipatazo 66, kumwona mmoja. Aliitazama pikapu yetu, akaipeleka karibu na jicho, akasema kwamba waya wake mwembamba kuliko wote ni mnene mara tatu ya ule. Alisema kweli. Waya wa kawaida wa pikapu una unene wa milimita 0.06 hivi. Lakini akatupa shauri la thamani. Katika zile chaja nzito za zamani mna transfoma ndogo, na upande wake unaopokea umeme wa ukutani una maelfu ya mizunguko ya waya unaokaribia wembamba huo. Akatutolea mbili katika boksi la takataka, hakutaka malipo.

Kuhusu kuzungusha, nilijua kwamba kifaa kinachofaa kimo katika nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu. Cherehani ina kile kipini cha pembeni cha kujazia kibobini, na kipini hicho huzunguka upesi na kwa utulivu. Tulichonga kijiti cha kukishikilia kiini cha pikapu juu yake. Dada alitupa cherehani kwa mchana mmoja, kwa masharti kwamba isiguswe sindano, isitiwe mafuta mengine, na sare za shule za jirani zikichelewa tutakwenda kueleza wenyewe.

Kabla ya kufumua, msomaji, andika. Weka alama upande wa juu wa sumaku, pima kwa dira ncha ipi inatazama nyuzi, na tazama waya wa zamani ulizungushwa kuelekea wapi. Asiyeandika huja kushangaa kwamba pikapu zake mbili zikiwashwa pamoja, sauti inakuwa nyembamba kama ya simu ya zamani. Maana yake moja inasukuma wakati nyingine inavuta.

Sisi tuliandika, kisha tukabadilisha kwa makusudi. Hili ndilo jambo nililolishauri mimi, na shemeji akalifikiria usiku mzima. Ukumbi wao una taa nyingi na nyaya zisizopangwa vizuri, na mvumo ulikuwa kero ya kweli. Kijana hakuwa ameibuni. Nilisema: koili hii tuizungushe kinyume cha ile ya shingoni, na sumaku yake tuigeuze juu chini. Ikipigwa peke yake, hakuna sikio litakalojua tofauti. Zikiwashwa zote mbili, zitafanya ile kazi ya Seth Lover: mvumo utajiua, nyuzi zitajumlika. Asubuhi shemeji alisema, "Kama halitajulikana, haliwi kosa."

Kazi ilikuwa ya watu watatu. Kijana alizungusha gurudumu la cherehani, mimi niliongoza waya kwa vidole viwili vyenye kitambaa laini, na shemeji alihesabu. Kila mizunguko mia ya gurudumu aliweka punje moja ya mahindi katika sahani, nasi tulikuwa tumekwisha kupima kwamba kila mzunguko wa gurudumu ni mizunguko kadhaa ya kipini. Mara ya kwanza waya ulikatika tukiwa na punje nne. Mara ya pili kuku aliingia akala hesabu, na dada alicheka hadi akakaa chini. Mara ya tatu tulifunga mlango, tukafika mwisho wa waya jua likielekea milima ya Malawi ng'ambo ya pili.

Koili mpya inapaswa kuloweshwa nta, la sivyo mizunguko iliyolegea hutetemeka yenyewe na kupiga kelele kali amplifaya ikiwa karibu. Tulitumia mishumaa na nta kidogo ya nyuki, katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke nta juu ya moto moja kwa moja, kwani hushika moto. Wala usiiache ichemke, kwa sababu kiini cha plastiki kitapinda. Sumaku ya mpira tuliitoa kwanza, nayo haipendi joto.

Nikuongezee tahadhari moja ambayo haina uhusiano na utamu wa sauti. Unaporudisha nyaya, hakikisha ule waya unaounganisha nyuzi za chuma na upande wa ardhi wa mzunguko umeungwa, na kwamba amplifaya yenyewe imechomekwa kwenye soketi yenye ardhi ya kweli. Mwaka 1972, huko Swansea, Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani alipogusa maikrofoni isiyokuwa na ardhi. Sehemu nyingi za mwambao bado watu hupiga muziki kwa jenereta, miguu juu ya mchanga wenye maji. Jenereta nayo ifungiwe ardhi.

Mita ilisoma omu 5,900. Ilikuwa pungufu ya ile ya shingoni, na kwa kawaida ya karibu na daraja hutakiwa kuzidi, kwa kuwa uzi hucheza kidogo mahali pale. Waya wetu ulikuwa mnene kidogo kuliko wa asili. Tuliinyanyua pikapu kwa vipande viwili vya kadibodi hadi ikabakiza kama milimita mbili na nusu chini ya uzi uliobanwa kwenye chuma cha mwisho, na nguvu zikakaribiana.

Shemeji alipiga wa kwanza. Alipiga kwenye pikapu ya daraja peke yake, akasikiliza, akasema imekuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa. Hakulalamika, alisema tu. Akaendelea kupiga, mkono wake wa kulia ukasogea kidogo kuelekea shingoni, kama unavyosogea mguu wa mtu aliyezoea ngazi iliyopungua. Kisha akaziwasha zote mbili. Nyuki wa kwenye debe akatoweka. Kijana aliyekuwa ameegemea mlango alisogea akachuchumaa mbele ya spika, akasema, "Babu, rudia hapo."

Waya wa zamani, ule wenye kutu ya kijani, haukutupwa. Umo katika kopo la maziwa pamoja na skrubu mbili za asili na karatasi yenye michoro yetu ya sumaku, juu ya kabati, pembeni ya cherehani. Zile fedha alizokusanya kijana zilitosha kununua seti mbili za nyuzi na waya mpya wa kuchomekea, na zilizosalia alimpa bibi yake kwa ajili ya mchana mmoja wa sare za shule.